Ekseli Iliyochaguliwa kwa Simu

Mimi ni fundi wa magari, na kwa hiyo ni mtu wa hasira. Sijawahi kukutana na fundi mpole ambaye pia ni fundi mzuri. Gereji yangu iko Garissa, mtaa wa Waberi, na nimekaa hapo miaka mingi kiasi kwamba watoto niliowakuta wakipiga mpira nje sasa wananiletea magari yao. Hata hivyo bado naitwa "mtu wa Kenya," kwa sababu nilizaliwa bara, na ukisikiliza mazungumzo ya hapa utadhani Kenya ni nchi fulani inayoanzia ng'ambo ya daraja la Tana. Hilo halinikasirishi. Kinachonikasirisha ni mambo ya uzito.

Kila gari lina uzito linaoweza kubeba. Jambo hilo limeandikwa kwenye kitabu cha gari, na asiyesoma kitabu husomewa na chuma chenyewe siku kinapokatika. Mimi nina karatasi ninayompa kila mteja anayetaka nimtengenezee gari la kwenda kaskazini. Inauliza maswali machache tu: unabeba nini, kiasi gani, kwa njia ipi. Naipenda sana karatasi hiyo. Nilichapisha nakala nyingi, na mpaka leo sijapata hata moja iliyojazwa kwa ukweli.

Mteja ninayemkumbuka zaidi alikuwa dereva mwenye gari lake mwenyewe, kilori kifupi kinachovuta kwa magurudumu yote manne. Alikuwa akipeleka sukari, mchele na mafuta ya kupikia Buna na Bute, huko Wajir Kaskazini, na kurudi na mbuzi na ngozi. Shafti, ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya ekseli na inayozungusha gurudumu, ilikuwa imemkatikia mara tatu. Kila mara nilimwekea nyingine, na kila mara alinirudishia vipande viwili vimefungwa kwa kitambaa safi. Alinikabidhi kwa heshima, kwa mikono miwili, nami nikampa pole ya msiba.

Mara ya nne hakuja na vipande. Aliketi juu ya tairi, akavua kofia, akasema, "Fundi, safari hii si ya biashara. Ni ya hoyo."

Hoyo ni mama. Mama yake alikuwa akiishi Buna, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe. Mara moja kwa mwaka madaktari wa macho hufika mjini Wajir, hukaa siku chache, huwatoa watu ukungu, kisha huondoka. Majina huandikwa siku ya kwanza tu. Atakayefika baada ya alasiri ya siku hiyo haandikwi. Mwaka uliotangulia dereva alimpakia mama yake, na katikati ya safari, ndani ya laga, yaani mto mkavu usiokuwa na maji ila siku unapoamua kuua watu, shafti ikakatika. Walikaa pale wakingoja msaada hadi madaktari wakafunga virago. Mama alirudishwa Buna juu ya gari la mbuzi.

"Jicho moja limeshakufa," dereva akaniambia. "Daktari alisema lingine liko, lakini halitangoja sana. Mwaka huu ama basi. Nataka ekseli ambayo haiwezi kufunjika, fundi. Mbele na nyuma."

Nilimwonea huruma kwa muda wa dakika moja hivi. Halafu nikampa karatasi.

Akaandika: sukari, mchele, mafuta. Akanirudishia.

"Na watu?" nikamuuliza.

"Watu gani?"

"Wanaopanda gari lako. Mwaka jana laga ilipokukamata, mlikuwa wangapi?"

Akafikiri. Akahesabu kwa vidole, vidole vikaisha, akaanza upya. "Lakini hao ni watu," akasema. "Watu si mzigo. Wanabanda tu juu."

Nilimweleza sayansi. Nilimwambia mtu mzima na kifurushi chake ni uzito wa gunia, na kwamba ekseli haijui kama kilichokaa juu yake ni sukari au ni shemeji. Alinisikiliza kwa adabu kubwa mpaka nikamaliza.

"Kweli," akasema. "Lakini gunia naweza kuliacha barabarani. Mtu nitamwachaje?"

Niliirudisha karatasi kwenye droo kwa nguvu kiasi cha kumwaga chai.

Niliamua kuacha ujinga wa kubadilisha shafti. Kuna ekseli ambayo shafti yake inafanya kazi mbili: inazungusha gurudumu na pia inabeba uzito wa gari. Hiyo ndiyo aliyokuwa nayo. Na kuna ya malori makubwa, ambayo uzito wote unabebwa na gamba la nje, na shafti haina kazi nyingine ila kuzungusha. Hata ikikatika, gurudumu halichomoki. Niliagiza jozi mbili za namna hiyo kutoka kwa wauzaji wa vyuma vya zamani, kila jozi ya mbele na ya nyuma kutoka lori moja, kwa sababu difu, yaani yale magia yaliyo katikati ya ekseli, za mbele na nyuma zisipolingana gari hujivuta lenyewe mpaka lijirarue. Jozi ya kwanza ilikuwa nzuri ajabu, imepakwa rangi ya kijani, inang'aa. Ya pili ilikuja na kutu na tope lililokauka, na ilinuka mbuzi. Bila kupoteza muda nikachagua ya kijani.

Sikujua kwamba si kazi yangu kuchagua. Mchana ule gereji ilijaa wanaume waliokuja kunywa chai yangu, na wote walikuwa na neno juu ya ekseli. Waliihoji kama watu wanaoposa. Ilitoka lori gani? Lori hilo lilibeba nini? Liliwahi kuanguka? Dereva wake alikuwa mtu wa namna gani, mwenye haraka? Mmoja aliuliza kwa nini mtu apake rangi kitu kinachokwenda kukaa chini ya gari, mahali ambapo hakuna anayetazama. Nilimwambia aongeze sukari kwenye chai yake aniache.

"Basi tumalize," nikasema. "Nifunge hii."

"Hoyo hajaisikia," akasema dereva.

Nilidhani anatania. Alitoa simu, akapiga Buna, akazungumza Kisomali kwa muda mrefu, salamu kwanza, habari za mvua, habari za mbuzi, kisha akaishika simu karibu na ekseli ya kijani na kunionyesha nyundo kwa kidevu. Wanaume wote wakanyamaza. Mimi, mtu mzima mwenye cheti cha ufundi, nikagonga.

Sauti ya mama ikatoka kwenye simu, fupi. Wanaume wakacheka.

"Anasema hiyo inakohoa," dereva akatafsiri.

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka. Nilimuuliza kama mama yake amewahi kushika spana. Akasema hapana, lakini maisha yake yote alikuwa na ngamia, na kila ngamia alivaa kengele yake ya mti, iliyochongwa na marehemu mumewe. Kengele ikipata ufa, yeye ndiye aliyekuwa akijua wa kwanza, na aliirudisha kwa mume ichongwe nyingine. Sasa, ingawa haoni, ngamia wakirudi jioni anakaa mlangoni na kusema ni nani amebaki kisimani.

"Kengele ni ya mti," nikasema. "Hii ni chuma."

"Gonga ile nyingine," akasema.

Nikagonga yenye kutu. Mama akataka nigonge tena, chini kidogo. Nikagonga chini kidogo. Akataka ya mbele. Nikagonga ya mbele. Kisha akasema neno, na wanaume wote wakaitikia kama wanaofunga dua.

"Hiyo ina koo safi. Funga hiyo."

Nilitaka kuwaaibisha wote kwa pamoja, wao na mama wa kwenye simu. Nikakwangua rangi ya kijani pale karibu na kiti cha springi, nikapaka mafuta ya taa, nikaacha yapenye, nikafuta mpaka pakakauka, nikanyunyiza unga wa chaki. Ndivyo tulivyofundishwa. Chuma kikiwa kizima, chaki inabaki nyeupe. Nikaagiza chai ya raundi nyingine, kwa kujiamini. Tulipokuwa tukinywa, mstari mweusi mwembamba ukaanza kujichora katikati ya ule weupe, polepole, ukaenda mpaka chini. Ulikuwa ufa, na rangi ya kijani ndiyo iliyokuwa imeuziba.

Hakuna aliyenicheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Mpaka leo sijui kama mama yule alisikia ufa kupitia simu ya bei rahisi, kutoka mwisho wa nchi, au alibahatisha. Fundi mwenye akili atasema alibahatisha. Mimi ni fundi mwenye akili, na tangu siku hiyo kila ekseli inayoingia gereji yangu naigonga, nikiwa nimehakikisha hakuna anayenitazama.

Nilifunga ile yenye kutu kwa uangalifu ambao sijautumia hata kwa gari langu. Nilibadilisha bearingi zote, nikaongeza jani moja la springi kila upande, nikachonga vibandiko vipya vya kushika. Usingizi ulinipungua. Shafti ikikatika kwa mfanyabiashara, ni sukari inayochelewa. Hii ikikatika, ni jicho la mwisho la mtu, na mikono iliyoifunga ni yangu. Niliogopa, nasema wazi. Kwa hiyo nilitangaza kwamba nitakwenda na gari safari nzima, kuangalia ekseli. Ukweli ni kwamba nilikwenda kuwaangalia watu.

Tulifika Buna salama, tukashusha mzigo, gari likabaki tupu. Nilifurahi moyoni. Asubuhi yake, siku ile ile ya kuandika majina, tungembeba mama mmoja mwembamba, tungefika Wajir mapema, na ekseli isingejua hata kwamba kuna mtu.

Nilipotoka asubuhi, gari halikuonekana. Lilikuwa limezungukwa na watu. Hoyo, ambaye alikuwa ameniombea dua ndefu jana yake na kunishika kichwa, alikuwa amepiga simu wiki nzima kuwajulisha jamaa kwamba mwanawe ana gari lenye chuma alichokichagua yeye mwenyewe, kisichovunjika. Nani angepitwa na gari kama hilo? Palikuwa na shangazi wawili, mwalimu wa madrasa, bibi harusi na makochi yake, mzee aliyebeba mlango wa chuma bila nyumba, mbuzi ambao hakuna aliyekubali kuwa ni wake, na naibu wa chifu, aliyekuja, alisema, kusimamia usalama. Nikatoa karatasi yangu, nikasimama mbele ya gari, nikasema kwa sauti kwamba hawatakwenda watu zaidi ya wanane.

Walinisalimia vizuri sana, mmoja mmoja, wakapita kila upande wangu na kupanda.

"Hawa wote ni wa hoyo," dereva akasema kwa upole. "Nikimwambia mmoja ashuke, hoyo naye atashuka."

Nilikaa juu, miguu kwenye mlango wa yule mzee, nikisikiliza ekseli. Njiani watu waliendelea kujitokeza vichakani kana kwamba wamepandwa. Kila aliyepanda alipaswa kupokewa kwa habari: mvua imenyesha wapi, nani kazaa, nani kaachwa. Tulisimama kwa sala, na sala ilichukua dakika chache. Habari ndizo zilizotumaliza. Niliangalia saa, nikaangalia jua, nikapiga kelele mpaka sauti ikakwama. Nilisema mbele yao wote kwamba kuanzia sasa, hata aje malaika, gari hili halisimami.

Hatukwenda mbali tukamwona mtu amesimama na begi dogo na mwavuli. Alikuwa mwalimu kutoka bara, mtu wa kwetu kabisa, niliyatambua yale maungo ya mtu aliyekataliwa uhamisho. Alipunga mkono, akasema kwa sauti ya kukata tamaa, "Habari za safari, mzee wangu."

Nikagonga paa la kebini. Gari likasimama. "Panda, panda haraka," nikamwambia, nikamshika begi. "Mwalimu mmoja ana uzito gani?"

Dereva alitoa kichwa dirishani, akanitazama juu. Naibu wa chifu ndiye aliyecheka kwanza, halafu bibi harusi, halafu gari zima.

Tuliingia lagani jua likiwa limeshapinduka. Ilikuwa laga ile ile ya mwaka jana. Wakati wa kwenda tuliivuka bila taabu, lakini mzigo wa sukari ulikuwa mwepesi kuliko watu hawa. Dereva alivuta pumzi, akashuka taratibu, magurudumu yakaingia kwenye mchanga, tukafika katikati, tukaanza kupanda ng'ambo, na gari likasimama. Lilisimama bila kelele. Niliruka chini, nikajitupa chini ya gari nitazame.

Shafti ilikuwa nzima. Kila kitu kilikuwa kizima. Ekseli ya lori kubwa ina difu kubwa, na difu kubwa ina tumbo kubwa linaloning'inia chini kuliko la kwanza, na tumbo hilo lilikuwa limeketi juu ya mchanga, magurudumu yakizunguka bure pembeni. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kila kitu kinachoweza kukatika. Kimo cha tumbo kutoka chini sikukipima. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekipima.

"Imekatika?" hoyo akauliza kutoka kebini. Neno hilo la Kisomali nilikuwa nimeshalijua.

"Haijakatika," dereva akamjibu, na hakuniuliza ni nini basi. Aliyaona macho yangu.

Nilikaa kwenye mchanga. Niliwaza alasiri, niliwaza kitabu cha majina kikifungwa, na kwa mara ya kwanza maishani nilikosa hata mtu wa kumkasirikia. Nilipoinua kichwa, mzigo ulikuwa umeshuka. Shangazi walikuwa wakifukua mchanga chini ya difu kwa sufuria za bibi harusi. Mwalimu wa madrasa na mwalimu wa shule walibeba mawe. Mzee alitazama mlango wake wa chuma kwa huzuni, kisha akaulaza mwenyewe mbele ya gurudumu la nyuma, wakalaza makochi upande wa pili, na wote, na naibu wa chifu akisimamia usalama, wakaweka mabega. Gari lilitoka kwenye laga likinguruma, likiwa na dereva na abiria mmoja tu, hoyo, aliyekuwa akigonga dashibodi na kupaza sauti.

Mlango ulikunjika katikati. Mzee aliunyoosha kidogo kwa goti, akaupandisha tena.

Dereva alisubiri mpaka nikapanda. "Fundi," akasema, "gunia la sukari lingeshuka?"

Tulifika Wajir karani akiwa ameshafunika kalamu yake. Watu wote wa gari waliingia pamoja nasi ndani ya ua, wote wakizungumza kwa wakati mmoja, na nadhani karani aliandika jina la hoyo ili apate utulivu. Lilikuwa la mwisho kwenye ukurasa.

Walimfungua kitambaa asubuhi iliyofuata upasuaji. Alikaa kwenye benchi, akapepesa jicho, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu kisha akasema kitu kilichomfanya dereva aangalie chini na kujifuta uso. Dereva akanitafsiria: "Amesema nimezeeka." Kisha hoyo akanigeukia, akauliza kama mimi ndiye yule fundi mwenye makelele, na akataka kuonyeshwa ekseli. Nilitandika gunia. Aliinama, akachungulia chini ya gari, akaona kutu na tope na grisi.

"Hii?" akasema. Alionekana kukerwa. Akanyoosha fimbo yake, akaigonga, akainamisha sikio, ndipo akaridhika.

Daktari alituonya kwamba jicho lisitikiswe. Nilimshika dereva mkono, nikamwapisha: watu wachache, mwendo wa taratibu, hakuna kusimama ovyo. Akaapa wallahi. Kwa kunienzi walinipa kiti cha kebini, dirishani, hoyo akakaa katikati na miwani yake mipya myeusi. Gari lilikuwa jepesi, ekseli ilikuwa kimya, na nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku nyingi. Nilitoa karatasi yangu mfukoni nikaanza kuandika, kwa mara ya kwanza, uzito wa kweli.

"Joogso," akasema hoyo. Simama.

Nilitazama mbele. Palikuwa na barabara, vumbi na vichaka. "Hakuna kitu," nikasema.

Alinyoosha kidole kwenye kioo. "Kuna mtu pale."

Dereva alinitazama mimi, hakutazama barabara. Tulikwenda kitambo kizuri ndipo na mimi nikaanza kuona kitu kidogo cheusi, halafu fimbo, halafu mzee na mbuzi mmoja, wamesimama juani. Niliikunja karatasi. Nikafungua mlango, nikampa mzee kiti changu, nikampokea mbuzi na kupanda naye juu. Hatukwenda mbali nikaisikia tena sauti ya hoyo, chini ya miguu yangu, imejaa furaha.

"Joogso!"